Somo la Tisa: Ufahamu na Ufupisho – Kima Mwekundu wa Serengeti ya Magharibi



Ufahamu na ufupisho ni maswali ambayo majibu yake umeletewa mezani. Huhitaji kukariri kitu. Kila unachoulizwa kimo ndani ya habari uliyopewa, na msimamizi hakukatazi kuirudia hata mara tano. Hata hivyo, watahiniwa wengi hupoteza alama hapa kuliko wanavyodhani. Wengine husoma maswali mawili wakaanza kunakili sentensi nzima nzima. Wengine hujibu wanayoyajua wao kuhusu mada, si yale yaliyoandikwa. Wengine huandika ufupisho mrefu karibu sawa na habari yenyewe.

Somo hili litakuzoeza kuepuka makosa hayo. Habari tutakayoitumia inahusu mnyama anayeishi jirani na sisi wa Mara, ambaye wengi wetu hatujawahi hata kumsikia. Isome kama mtahiniwa, lakini isome pia kama mwenyeji.

MALENGO YA SOMO

Ukimaliza somo hili uweze:
(a) kusoma habari na kutambua wazo kuu la kila aya;
(b) kueleza maana za maneno kama yalivyotumika katika habari;
(c) kujibu maswali kwa maneno yako mwenyewe na kwa sentensi kamili;
(d) kufupisha habari bila kuacha hoja za msingi na bila kuzidisha idadi ya maneno.

A. KABLA YA KUSOMA

Fanya mambo mawili. Kwanza, pitia maswali haraka haraka ili ujue unatafuta nini. Pili, soma habari yote mara moja bila kuandika chochote. Mara ya pili ndipo ushike penseli na kuandika pembeni mwa kila aya neno moja au mawili yanayobeba wazo lake.

Angalizo kuhusu majina: Wanafunzi wengi huwaita wanyama wa jamii hii wote "nyani" au "tumbili". Kiswahili kina majina zaidi ya hayo. Nyani ni yule mkubwa mwenye pua ndefu kama ya mbwa, anayetembea makundi makundi na kuvamia mashamba ya mahindi. Tumbili ni mdogo, mwenye uso mweusi. Mbega ni mweusi na mweupe, mwenye manyoya marefu, na hukaa juu ya miti. Sokwe hana mkia. Kima ni jina linalotumika kwa aina kadhaa. Katika habari hii "kima mwekundu" ni yule wa nyika za Serengeti. Usimchanganye na kima punju wa Unguja, anayeonekana msitu wa Jozani. Yule naye ana manyoya mekundu mgongoni, lakini ni mnyama mwingine kabisa.

B. HABARI

Soma habari ifuatayo kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

(1) Ukiwauliza wanafunzi wa Musoma, Bunda au Butiama wataje wanyama wa Serengeti, watakutajia simba, tembo, nyumbu, twiga na chui bila kusita. Ukiwaomba wataje wale wa jamii ya nyani na kima, watataja nyani na tumbili, kisha watanyamaza. Ni wachache mno watakaomtaja kima mwekundu. Ajabu ni kwamba leo mnyama huyu hajulikani kuishi kokote duniani isipokuwa Tanzania, na mahali alipobakia ni Serengeti ya magharibi, karibu kabisa na nyumbani kwetu. Magari ya watalii humpita yakikimbilia simba, nasi wenyeji tunampita tukidhani ni tumbili.

(2) Jina lake la kisayansi ni Erythrocebus baumstarki. Alielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi mwaka 1905 na Paul Matschie, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, kutokana na kima aliyepatikana Ikoma, katika wilaya ya Serengeti ya sasa. Kwa muda mrefu wataalamu walimhesabu kuwa tawi tu la kima wekundu waliotapakaa katika nyika za Afrika kuanzia Senegali hadi Afrika Mashariki. Miaka ya karibuni ndipo alipokubaliwa kuwa spishi inayojitegemea. Suala hilo si la majina tu. Mnyama akihesabiwa pamoja na ndugu zake walio wengi, kupungua kwake hakuonekani. Akihesabiwa peke yake, hatari inayomkabili huonekana waziwazi.

(3) Kima mwekundu ana umbo jembamba na miguu mirefu kama ya mbwa wa kuwindia. Mgongo wake una rangi nyekundu inayofanana na udongo wa kichuguu, na sehemu za chini za mwili ni nyeupe. Tofauti na kima wengi, yeye hutumia muda mwingi akiwa ardhini. Akiona hatari, mara nyingi hakimbilii mtini bali hutimua mbio. Kima wa jenasi hii wanaweza kufikia kilometa 55 kwa saa, na hakuna mwingine katika jamii ya nyani, kima na sokwe anayewafikia kwa kasi. Kundi lake kwa kawaida huwa na majike kadhaa na watoto wao pamoja na dume mmoja mzima, ambaye hupenda kusimama mahali palipoinuka akiangaza macho huku na huku.

(4) Makazi yake ni nyika yenye migunga. Hula gundi inayotoka katika magome ya migunga, wadudu, matunda na mbegu. Jamaa zake wanaoishi Laikipia, nchini Kenya, wamechunguzwa kwa miaka mingi na kuonekana kutegemea sana aina moja ya mgunga mfupi wenye miiba iliyovimba mithili ya vibofu. Ndani ya vibofu hivyo huishi sisimizi, na upepo ukivuma matundu yake hutoa sauti ya mluzi. Wakati wa kiangazi kima mwekundu hulazimika kunywa maji, kwa hiyo hawezi kukaa mbali na mito au madimbwi. Penye migunga bila maji hapamfai, na penye maji bila migunga pia hapamfai.

(5) Zamani kima huyu aliishi katika eneo kubwa la kaskazini mwa Tanzania, hadi maeneo ya karibu na mlima Kilimanjaro na kuvuka mpaka kuingia kusini mwa Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wanasayansi Thomas Butynski na Yvonne de Jong walikadiria kuwa amepoteza takriban asilimia 97 ya eneo hilo. Eneo lililobaki ni takriban kilometa za mraba 2,150, magharibi mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti pamoja na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Walikadiria kwamba wamebaki kati ya 100 na 200. Shule moja ya kata huwa na wanafunzi wengi kuliko kima hao wote. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, IUCN, limemweka katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

(6) Sababu za kupungua huko zinafahamika. Watu wameongezeka na nyika nyingi zimegeuzwa mashamba. Migunga imekatwa kwa ajili ya mkaa, kuni na nguzo za uzio. Mifugo imeongezeka, na wakati wa kiangazi watu na ng'ombe hukusanyika penye maji machache yaliyobaki, hivyo kima hukosa nafasi ya kunywa. Mbwa huwafukuza na kuwaua, na wawindaji nao hawajawaacha. Zaidi ya hayo, makundi yamegawanyika na kuwa mbalimbali. Kundi dogo lililotengwa peke yake laweza kumalizwa na ukame wa mwaka mmoja au mlipuko mmoja wa maradhi, kwa kuwa hakuna kundi jirani la kuziba pengo.

(7) Ni rahisi kumlaumu mwanakijiji, lakini mama anayekata mgunga hakusudii kuangamiza kima. Anatafuta kuni za kupikia watoto. Mfugaji anayepeleka ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi hana bomba nyumbani kwake. Kwa hiyo marufuku peke yake haitatosha. Malambo ya mifugo yakichimbwa mbali na mapori ya akiba, miti ya kuni ikipandwa karibu na nyumba, majiko yanayotumia kuni kidogo yakienea, na mapato ya utalii yakionekana katika madarasa na zahanati za vijiji, mwanakijiji atakuwa na sababu ya kumlinda jirani yake huyu. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, akiwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1961, alitoa tamko mjini Arusha kwamba kuwalinda wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo ni dhamana iliyo mikononi mwetu.

(8) Dunia imekwisha kuonyesha njia zote mbili. Huko Ghana na Kodivaa aliishi mbega mwekundu aitwaye mbega wa Waldron. Tangu mwaka 1978 hakuna mwanasayansi aliyethibitisha kumwona akiwa hai. Upande wa pili, katika misitu ya pwani ya Brazili yupo tamarini wa dhahabu, kima mdogo mwenye manyoya yanayong'aa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kubaki takriban 200 porini. Wabrazili na wenzao wa nchi nyingine waliwarudisha porini waliozaliwa katika bustani za wanyama, wakapanda miti ya kuunganisha vipande vya msitu, na wenye mashamba wakakubali kutoa nafasi. Leo tamarini hao wanahesabiwa kwa maelfu. Namba 200 haikuwa mwisho wao. Kama itakuwa mwisho wa kima wetu au la, hilo linategemea yatakayofanyika sasa.

C. MSAMIATI

Jaribu kwanza kueleza maneno haya mwenyewe kwa kuangalia sentensi yalimotumika, ndipo uangalie maelezo.

Bila kusita: papo hapo, pasipo kufikiri mara mbili.
Waliotapakaa: walioenea huku na huko.
Spishi: aina moja ya kiumbe, ambayo wanachama wake huzaana wao kwa wao.
Jenasi: kundi la spishi zilizo karibu sana kwa asili.
Mithili ya: mfano wa, kama.
Walikadiria: walitaja kiasi kinachokaribia ukweli bila kuhesabu mmoja mmoja.
Pori la akiba: eneo la wanyamapori linalohifadhiwa kisheria, lakini si hifadhi ya taifa.
Kutoweka: kuisha kabisa duniani.
Kuziba pengo: kujaza nafasi iliyoachwa wazi.

Zingatia: Swali likisema "kama yalivyotumika katika habari", usitoe maana nyingine ya neno hata kama ni sahihi. Kwa mfano, "tawi" kwa kawaida ni sehemu ya mti. Katika aya ya 2 tawi ni sehemu ya kundi kubwa la wanyama. Ukiandika "sehemu ya mti inayotoa majani" unakosa alama, ingawa kamusi iko upande wako.

D. MASWALI YA UFAHAMU NA NAMNA YA KUYAJIBU

Swali la 1. Andika kichwa cha habari kinachofaa kwa maneno yasiyozidi matano. (alama 1)

Jibu la mwanafunzi: "Wanyama wa Serengeti."
Kosa lake: Kichwa hiki ni kipana mno. Habari haizungumzii simba wala nyumbu, imewataja tu kwa kupita.
Jibu la mwanafunzi mwingine: "Mbio za kima mwekundu."
Kosa lake: Hiki ni chembamba mno. Mbio zimo katika aya moja tu.
Jibu linalofaa: "Kima mwekundu hatarini kutoweka." Lina maneno manne na linabeba habari yote.

Kanuni: Kichwa kizuri kinagusa aya zote. Ukitaka kukipima, jiulize kama aya ya kwanza na ya mwisho zote zinakaa chini yake bila kujibana.

Swali la 2. Kwa nini mwandishi anasema kumtambua kima huyu kuwa spishi inayojitegemea "si suala la majina tu"? (alama 2)

Jibu la mwanafunzi: "Kwa sababu mnyama akihesabiwa pamoja na ndugu zake walio wengi, kupungua kwake hakuonekani."
Kosa lake: Amenakili sentensi ya habari neno kwa neno, tena ametoa nusu ya jibu. Swali lina alama mbili, maana yake linataka hoja mbili.
Jibu linalofaa: "Mwandishi anasema hivyo kwa sababu jina linaathiri uhifadhi. Kima huyu alipochanganywa na wenzake wa nchi nyingine alionekana kuwa mwingi, lakini alipotenganishwa nao ikafahamika kwamba amebaki kidogo sana."

Swali la 3. Eleza sababu nne zilizofanya kima mwekundu apungue. (alama 4)

Majibu yanayofaa (chagua nne):
(i) Ongezeko la watu limefanya nyika zigeuzwe mashamba.
(ii) Migunga inakatwa ili kupata mkaa, kuni na nguzo.
(iii) Kima wanashindana na watu na mifugo kupata maji wakati wa kiangazi.
(iv) Mbwa wanawafukuza na kuwaua.
(v) Watu wanawawinda.
(vi) Makundi yametengana, hivyo kila kundi ni rahisi kumalizwa na ukame au maradhi.

Kanuni: Ukiombwa sababu nne, andika nne. Sita hazikuongezei alama, zinakupotezea muda wa insha. Na ukiambiwa "eleza", usiandike neno moja kama "Mbwa." Mbwa wamefanya nini? Sema.

Swali la 4. Je, mwandishi anawalaumu wanakijiji? Thibitisha jibu lako kwa kutumia aya ya 7. (alama 3)

Hapa ndipo watahiniwa wengi huanguka, kwa kuwa swali linataka msimamo wa mwandishi, si wako. Huenda wewe una shamba lililoliwa na nyani mwaka jana, huenda kwenu ni wafugaji, huenda mjomba wako ni askari wa wanyamapori. Kila mmoja atakuwa na hasira au huruma yake. Iweke kando kwa dakika tano, halafu tafuta mwandishi amesema nini.

Jibu linalofaa: "Hapana, mwandishi hawalaumu. Anaonyesha kuwa wanaokata miti na kupeleka mifugo mtoni wanasukumwa na mahitaji ya kuni na maji. Ndiyo maana anaona kukataza peke yake hakutoshi, na anapendekeza njia mbadala kama malambo, miti ya kupanda na majiko yanayookoa kuni."

Swali la 5. Mwandishi ametumia mfano wa mbega wa Waldron na tamarini wa dhahabu kwa lengo gani? (alama 2)

Jibu linalofaa: "Ametumia mifano hiyo kuonyesha kwamba mnyama aliyebaki kidogo anaweza kupotea kabisa au anaweza kuongezeka tena, kutegemea juhudi za watu."

Angalizo: Swali hili halikuulizi tamarini anaishi wapi. Maneno "kwa lengo gani" yanataka sababu ya mwandishi kuleta mfano. Mstarie neno linalobeba swali kabla ya kujibu: nani, lini, kwa nini, vipi, kwa lengo gani.

Angalizo la pili: Tamko la mwaka 1961 lililotajwa katika aya ya 7 ni la wanyamapori. Azimio la Arusha la mwaka 1967 ni la siasa ya ujamaa na kujitegemea. Yote mawili yanahusu Arusha na Mwalimu Nyerere, hivyo ni rahisi kuyachanganya, hasa utakapokuwa kwenye karatasi ya Historia au Uraia.

E. UFUPISHO HATUA KWA HATUA

Swali: Fupisha aya ya 5 na ya 6 kwa maneno yasiyozidi 60. (alama 8)

Hatua ya kwanza: Soma aya hizo mbili tu. Usilete hoja za aya nyingine, hata ukizipenda.

Hatua ya pili: Orodhesha hoja kuu kwa penseli. Mfano:
– zamani: kaskazini mwa Tanzania hadi kusini mwa Kenya
– sasa: eneo karibu lote limepotea, wapo 100–200 Serengeti ya magharibi
– sababu: watu, kilimo, kukata migunga, maji, mbwa, uwindaji
– makundi madogo yametengana: ukame, maradhi

Hatua ya tatu: Ondoa mapambo. Mfano wa shule ya kata unasaidia msomaji kupata picha, lakini si hoja. Majina ya watafiti na mwaka wa utafiti yanaweza kuachwa. Maelezo ya kuni na nguzo yanaingia ndani ya neno "ukataji".

Hatua ya nne: Unganisha hoja kwa sentensi zako. Huu hapa mfano:

"Zamani kima wekundu walienea kaskazini mwa Tanzania hadi kusini mwa Kenya. Sasa wamepoteza karibu eneo lao lote na wanakadiriwa kubaki 100 hadi 200 katika Serengeti ya magharibi. Sababu ni ongezeko la watu, kilimo, ukataji wa migunga, ushindani wa maji na mifugo, mbwa na uwindaji. Makundi madogo yaliyotengana yanaweza kumalizwa na ukame au maradhi."

Hatua ya tano: Hesabu maneno. Ufupisho huu una maneno 53. Ziko nafasi saba zilizobaki, na si lazima zijazwe. Andika idadi ya maneno chini ya ufupisho safi, na pigia mstari mmoja wa kukata ile rasimu ili msahihishaji ajue ipi ni kazi yako.

Zingatia: "Ya", "wa", "na", "ni" yote yanahesabiwa. Namba kama 100 huhesabiwa kuwa neno moja. Usijidanganye kwa kuyaruka maneno madogo. Msahihishaji anayahesabu.

F. MAKOSA MATANO YA KUEPUKA

1. Kunakili sentensi za habari badala ya kutumia maneno yako.
2. Kuongeza maoni yako, kwa mfano "Serikali ianzishe sheria kali", wakati habari haikusema hivyo.
3. Kubadili namba. Habari imesema "kati ya 100 na 200". Ukiandika "wamebaki 200" umebadili ukweli, kwa sababu makadirio si hesabu kamili.
4. Kutumia mifano katika ufupisho.
5. Kuharibu upatanisho wa kisarufi. Kima ni mnyama, hivyo huchukua viambishi vya ngeli ya A-WA: kima mwekundu anakimbia, kima wekundu wanakimbia. "Kima kinakimbia" ni kosa linalopoteza alama hata katika sehemu ya sarufi.

G. ZOEZI LA KUJIPIMA

Tumia dakika 40. Funga majibu ya mfano yaliyo hapo juu.

1. Kwa kutumia aya ya 3, taja tofauti mbili kati ya kima mwekundu na kima wengine. (alama 2)
2. Eleza maana ya sentensi hii kama ilivyotumika katika aya ya 4: "Penye migunga bila maji hapamfai, na penye maji bila migunga pia hapamfai." (alama 2)
3. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: (a) hutimua mbio (b) akiangaza macho (c) dhamana. (alama 3)
4. Kwa nini mwandishi anasema kundi dogo lililotengwa liko hatarini zaidi? (alama 2)
5. Fupisha aya ya 7 kwa maneno yasiyozidi 50. (alama 6)
6. Andika insha ya hoja yenye maneno kati ya 250 na 300 juu ya mada hii: "Mwanakijiji anayeishi kando ya hifadhi anastahili kufaidika kwanza kabla ya kuambiwa alinde." Unaweza kukubali au kukataa. (alama 15)

Msaada kwa swali la 6: Sasa ndipo maoni yako yanaruhusiwa. Shamba la baba yako, ng'ombe wa babu yako, shule yenu iliyojengwa kwa fedha za utalii au isiyojengwa, vyote ni hoja. Lakini usiandike upande mmoja tu kana kwamba upande wa pili hauna akili. Taja hoja ya wanaokupinga katika aya moja, ijibu kwa heshima, kisha hitimisha. Insha ya namna hiyo humshawishi msahihishaji kwa sababu inaonyesha mwandishi amefikiri.

H. NENO LA MWISHO

Ukifika siku moja Serengeti ya magharibi, kwa safari ya shule kupitia lango la Ndabaka au kwa kumtembelea ndugu upande wa Ikoma, angalia vizuri kabla ya kusema "tumbili". Akiwa na uso mweusi na manyoya ya kijivu, ni tumbili kweli. Akiwa mwekundu, mrefu wa miguu, akakutazama kutoka juu ya kichuguu kisha akatoweka mbele yako kwa kasi, ita wenzako dirishani. Utakuwa umemwona mnyama ambaye wenzake wote waliobaki hawafiki idadi ya watahiniwa wa wilaya yako.

Katika chumba cha mtihani, kumbuka somo hilohilo kwa njia nyingine: soma kile kilichopo mbele yako, usisome ulichozoea kukiona. Anayeita kila kima tumbili ndiye huyohuyo anayejibu swali ambalo hakuulizwa.

Rudia zoezi la kujipima baada ya wiki moja, ulinganishe majibu yako ya mara ya kwanza na ya pili. Kisha nenda Somo la Kumi: Uandishi wa barua rasmi.